UZI: Fedha ya shamba la dhuluma ikija kanisani, tuipokee? Zakayo, Nabothi na sisi wa Malindi

Mkazi wa Barani (mwanzisha uzi)

Bwana asifiwe wapendwa, na salaam kwenu nyote msio wa kanisa lakini mnapita humu.

Kila mahubiri ya ufisadi ninayoyasikia yanaishia palepale: viongozi wetu watubu, taifa liponywe, amina, tukutane Jumapili. Nataka tulizungumze kwa undani kidogo, maana hapa Malindi ufisadi haukai Nairobi. Unakaa nasi benchi moja na unashika kitabu cha nyimbo.

Kisa ni hiki. Kuna kanisa moja, silitaji, na mnaolijua naomba mnyamaze. Upimaji wa ardhi ulipopita maeneo yale, bwana mmoja akatokea na hati ya ekari nzuri tu, mahali ambapo watu walikuwa wakilima mihogo na kuchuma korosho tangu enzi za babu zao. Alivyoipata kila mtu anajua, na hakuna mwenye karatasi ya kuthibitisha. Familia zikabomolewa, zikatawanyika, nyingine ziko Muyeye, nyingine zimerudi Ganda kwa jamaa. Baadaye kanisa likafanya harambee ya paa. Yule bwana akaleta mabati yote, juu yake akaongeza viti vya plastiki, vyeupe, na kila kiti mgongoni kimeandikwa jina lake kwa rangi nyekundu. Mama mmoja katika wale waliobomolewa ni mshiriki pale. Kila Jumapili anaegemea jina la mtu huyo.

Maswali yangu mawili. Wazee wa kanisa walifaa kupokea? Na huyo bwana, ambaye amebatizwa na anashiriki meza ya Bwana, Ukristo unamtaka afanye nini?

Msimamo wangu nauweka mapema tusizungukane. Ukristo haumtaki kwanza atoe, unamtaka arudishe. Makanisa yetu yamezoea kupokea ili yasilazimike kudai.

Someni Luka 19. Zakayo tumemfanya wimbo wa watoto: mfupi, mkuyu, shuka upesi. Tukifika mstari wa 8 tunapita mbio. Huyu alikuwa mkuu wa watoza ushuru mjini Yeriko, na ushuru wa Kirumi ulikuwa biashara. Mtoza anajua kiasi kinachotakiwa na wakubwa, atakachokamua juu ya hapo ni chake. Ndiyo maana watoza ushuru walipomwendea Yohana Mbatizaji kuuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia, "Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa." Askari nao akawaambia, "Msidhulumu mtu, wala msishitaki kwa uongo. Tena mtoshewe na mishahara yenu." Ukiisoma hiyo Luka 3 vizuri utadhani Yohana alikuwa amesimama kwenye kizuizi cha barabara ya Mombasa.

Sasa Zakayo alisema mambo mawili, msiyachanganye. La kwanza, "nusu ya mali yangu nawapa maskini." Hiyo ni sadaka. La pili, "na ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Hilo ni deni. Na hiyo mara nne hakuitoa hewani. Kutoka 22:1 ndiyo adhabu ya mwizi wa kondoo. Torati ilikuwa na kipimo chepesi kwa aliyekuja kuungama mwenyewe: arudishe kitu chenyewe na kuongeza sehemu ya tano, Hesabu 5:7. Zakayo alikuja mwenyewe, angeweza kudai hiyo nafuu. Akachagua adhabu ya mwizi. Baada ya maneno hayo, si kabla, ndipo Yesu akasema, "Leo wokovu umefika nyumbani humu."

Karibuni. Matusi hapana.

Mshika Hazina

Ndugu yangu, mimi hazina ya kanisa nimeishika, si kanisa hilo lakini yanafanana. Umewahi kuhesabu sadaka ya Jumapili ya huku kwetu? Sarafu za kumi, noti za hamsini zilizokunjwa hadi zimechoka. Mvua ikinyesha mahubiri yanasimama. Ukianza kuuliza kila noti ilikotoka utafunga kanisa. Mvuvi aliyeuza samaki walio chini ya kipimo je? Mama anayeuza tembo la mnazi je?

Yesu mwenyewe alikula kwa watoza ushuru. Msijifanye watakatifu kumshinda.

Dereva wa Tuktuk

😂😂 Anayeuza mnazi achwe. Bila yeye harambee haina watu.

Mkazi wa Barani

Mshika Hazina, heshima yako. Hujasema uongo kuhusu noti za hamsini, na hakuna anayekutaka usimame mlangoni na darubini. Mimi nazungumzia mali ambayo chanzo chake kinajulikana na aliyedhulumiwa yumo ndani ya jengo. Hapo hakuna upelelezi wa kufanya.

Na kuna kipande katika Mathayo 27 ambacho nashangaa hakihubiriwi. Yuda anavitupa vile vipande thelathini hekaluni. Makuhani wakuu, watu walewale waliovitoa ili kumnunua Yesu, wanaviokota na kusema, "Si halali kuviweka katika sanduku ya sadaka, kwa kuwa ni kima cha damu." Sura inayofuata haohao wanawahonga askari wa kaburini waseme maiti iliibwa usiku. Yaani hata watu waliooza kiasi hicho walijua kwamba kuna fedha haiingii hazina ya Mungu. Sisi tunaipigia makofi na kuisomea kwenye kipaza sauti. (Wao walinunua konde la mfinyanzi liwe makaburi ya wageni. Angalau kulikuwa na manufaa ya umma.)

Kuhusu Yesu kula kwa watoza ushuru: ni kweli, alikula kwa Zakayo. Lakini pesa ilikwenda wapi baada ya chakula? Haikwenda kwenye mfuko wa wanafunzi, mfuko ambao Yohana anatuambia mshikaji wake alikuwa mwizi. Ilikwenda kwa maskini na kwa walionyang'anywa.

Mama Kadzo

Mimi swali langu ni dogo tu wanangu. Mwaka mzima nimezungushwa cheti cha kuzaliwa cha mjukuu. Rudi kesho, mtandao umeanguka, faili iko Kilifi. Mwisho kijana mmoja akaniambia mama toa ya chai. Nilitoa, na cheti nikakipata siku hiyohiyo. Je, mimi nami ni mfisadi wa kurudisha mara nne? Maana nasikia humu mnachoma tu.

Dereva wa Tuktuk

Na mimi niongezee hapohapo. Kuna asubuhi tunasimamishwa na polisi, gari lina kila kitu, bima ipo, leseni ipo. Ukikataa kutoa unawekwa kando mpaka abiria washuke wote wakapande ya mwenzako. Siku imekufa, na mwenye tuktuk jioni anataka hesabu yake kamili. Mchungaji ananiambia niwe nuru ya ulimwengu. Sawa, lakini nuru nayo inakula.

Mkazi wa Barani

Mama Kadzo, shikamoo. Hapana mama, wewe si Zakayo. Wewe ni yule aliyekamuliwa na Zakayo.

Mafundisho ya kanisa ya tangu zamani yanatofautisha mtu anayetoa fedha ili apate cha mwenzake, na mtu anayeminywa ili apewe kilicho chake tayari. Wa kwanza ananunua haki ya mtu mwingine. Wa pili ananyang'anywa mchana kweupe. Cheti cha mjukuu kilikuwa haki yake siku aliyozaliwa. Dhambi iko kwa aliyekifungia kwenye droo.

Lakini sitaki kulegeza sana, maana Biblia ina mfano mgumu. Matendo 24, Paulo yuko gerezani Kaisaria. Liwali Feliki anamwita mara kwa mara kuzungumza naye kwa sababu anatumaini atapewa fedha. Paulo ana marafiki, ana makanisa, angechangiwa. Hakutoa. Akakaa ndani miaka 2 mpaka Feliki akabadilishwa na Festo. Ila tusisahau Paulo alikuwa raia wa Rumi, alikuwa na mlango wa kukata rufani kwa Kaisari na akautumia. Bibi wa Kakuyuni mwenye mjukuu anayehitaji kusajiliwa mtihani hana Kaisari. Kwa hiyo kanisa likitaka watu wasitoe chai, lisimame pamoja nao pale dirishani. Kumhubiria mama peke yake akiwa ameshika karatasi ni kumwongezea mzigo.

Dereva, kwako ni hivyohivyo, kwa sharti moja. Kama matairi yamekuwa kipara na breki ni za dua, ukatoa mia mbili upite, hapo hukuminywa. Umenunua maisha ya abiria wako.

Dereva wa Tuktuk

Matairi ni mapya bwana. Breki tuyaache.

Karani Mstaafu

Nimesoma kimya tangu jana. Nilikaa na mafaili na mihuri muda mrefu wa kutosha, na sehemu ya Biblia inayonikaa rohoni si Zakayo, ni 1 Wafalme 21. Nabothi.

Watu husema Ahabu aliliiba shamba la mizabibu. Soma taratibu uone jinsi kazi ilivyofanyika. Ahabu alianza kwa kutaka kununua, kwa bei nzuri au kwa kubadilishana shamba. Nabothi akakataa kwa sababu ni urithi wa baba zake. Ndipo Yezebeli akaandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri wa mfalme, akazipeleka kwa wazee na wakuu wa mji. Wazee wakatangaza kufunga, yaani shughuli ya ibada kabisa. Wakaketi baraza. Mashahidi 2, kama sheria inavyotaka. Hukumu ikatoka, ikatekelezwa, shamba likabaki halina mwenyewe, mfalme akashuka kulichukua. Barua ipo, muhuri upo, baraza limeketi, ushahidi umetolewa. Mkaguzi akija leo atakuta faili limekamilika.

Hivyo ndivyo ardhi inavyokwenda Pwani. Chanzo ni cha kale: sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilitaka wenye madai kwenye ule mkanda wa pwani wa maili kumi uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar wajitokeze waandikishwe. Wenye kujua karatasi waliandikishwa. Mgiriama aliyekuwa shambani kwake hakuandikishwa, na ardhi isiyokuwa na dai ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Akaamka skwota kwenye kaburi la babu yake. Baada ya uhuru zikaja skimu za makazi ili kulirekebisha jambo hilo, na hapo ndipo orodha zilipoanza kuota majina. Tume ya Ndung'u, iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, ilipotoa ripoti yake 2004 ilieleza wazi kwamba mashamba ya skimu yaliyokusudiwa wasio na ardhi yaliishia kwa maofisa na wanasiasa na jamaa zao. Jina la mwenyeji linatoka kwa kosa la herufi moja, au kwa sababu hana kipande (kitambulisho), au siku ya kuhakikisha majina alikuwa baharini. Jina geni linaingia bila kosa hata moja.

Wale wanaosema "ana hati, basi ni yake" wajue sheria nayo imebadilika. Katiba ya 2010, kifungu cha 40(6), inasema ulinzi wa mali haufiki kwa mali iliyothibitika kupatikana kinyume cha sheria. Na Aprili 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kiwanja cha ufukweni kule Mombasa, ilisema hata aliyenunua baadaye kwa nia njema hasaidiwi na hati ikiwa mgao wa kwanza ulikuwa wa hila. Wanasheria walishtuka. Mtu aliyesoma Nabothi hana cha kushtuka.

Mkazi wa Barani

Mzee wetu, asante sana. Kazi ya wazee na ile ibada ya kufunga ndiyo inayonikera zaidi. Dhuluma ile ilihitaji kanisa, tuseme hivyo, ili ipite.

Na tazama mwisho wa sura. Eliya anamkabili Ahabu: "Je! Umeua, ukatamalaki?" Ahabu anararua mavazi, anavaa magunia, anafunga, anatembea kwa upole. Mungu anasema kwa kuwa amejinyenyekeza, mabaya hayatakuja siku zake, yatakuja siku za mwanawe. Lakini mstari wa kulirudisha shamba kwa jamaa ya Nabothi uko wapi? Haupo. Alilia, akafunga, akabaki na shamba. Na kweli, katika 2 Wafalme 9 mwanawe Yoramu anauawa na maiti yake inatupwa kwenye konde lilelile la Nabothi. Toba ya Ahabu ilinunua muda tu. Ya Zakayo ilileta wokovu nyumbani siku ileile.

Nikiwaangalia waheshimiwa wanaopiga magoti madhabahuni wakiwekewa mikono, ninajiuliza ni Zakayo gani huyu asiyetaja hata kiwanja kimoja.

Kijana wa Muyeye

Sawa, mnanukuu vizuri. Ila niseme ukweli ambao wazee hawapendi. Kanisa la Kenya lilikuwa wapi? Sisi tulikwenda barabarani Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha, wenzetu wakapigwa risasi, na ni sisi tuliowaambia maaskofu waondoe wanasiasa mimbarini. Na baada ya Shakahola, ambako mchungaji anadaiwa kuwafungisha waumini chakula hadi kufa, hapahapa Malindi, miili zaidi ya 400 ikifukuliwa msituni 2023, mnataka kijana amsikilize mchungaji kuhusu haki? Mchungaji gani?

Katekista wa Zamani

Mwanangu, uchungu wako una msingi, ila historia usiikate katikati. Askofu Alexander Muge alikemea unyakuzi wa ardhi na ufisadi wakati ambapo kukemea kulikuwa na bei, akafa kwenye ajali ya barabara Agosti 1990 baada ya kutishwa hadharani na waziri. Maaskofu Okullu, Gitari, Ndingi Mwana a' Nzeki, hawa hawakusubiri mitandao. Oktoba 2019 maaskofu Wakatoliki walizindua kule Subukia kampeni ya kuvunja mnyororo wa ufisadi. Septemba 2021 Askofu Mkuu Ole Sapit wa Anglikana alitangaza akiwa Butere kwamba wanasiasa hawatahutubu tena kanisani.

Papa Fransisko naye alipokuja Novemba 2015 alikwenda Kangemi, mtaa wa maskini, akakemea kwa maneno makali wale waendelezaji wasio na sura wanaonyakua ardhi hata viwanja vya watoto vya kuchezea shuleni.

Kijana wa Muyeye

Nimekusikia mzee. Lakini Ole Sapit alizuia maneno. Bahasha hakuzuia. Mheshimiwa alikaa kimya benchi ya mbele, bahasha ikatembea yenyewe.

Mkazi wa Barani

Hapo kijana ameshika penyewe. Hatua iliyogusa bahasha ilikuja Novemba 2024. Maaskofu Wakatoliki walitoa tamko kali kuhusu serikali, na siku chache baadaye Rais akatoa mchango wa mamilioni katika kanisa la Soweto, Nairobi. Askofu Mkuu Anyolo akatangaza fedha zile zirudishwe. Wengine walisema ni siasa. Mimi nilisema, hatimaye kuna mtu amesoma Mathayo 27.

Ila hata hapo fedha ilirudi kwa aliyeitoa. Zakayo anadai hatua nyingine zaidi.

Shakahola sitaki kuipitisha haraka wala kuigeuza hoja ya mjadala, bado kuna watu humu wenye ndugu waliopotea kule. Niseme moja tu: mchungaji ambaye waumini hawawezi kumuuliza swali ni hatari, awe anawafungisha chakula au anawafungisha midomo kuhusu mabati.

Bin Mambrui

Salaam aleikum majirani. Mimi si wa kwenu lakini uzi umenivuta. Kwetu Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji. Na toba tunafundishwa madrasa tangu wadogo: uache dhambi, ujute, uazimie kutorudia, na ikiwa ni haki ya mja, umrudishie mwenyewe au umtake radhi. Hiyo ya nne ndiyo tunayoikimbia sote.

Msidhani ni nyinyi tu. Misikitini kuna feni zenye majina, walahi.

Mshika Hazina

😂 Feni zenye majina! Sasa tumekuwa sawa.

Mwana wa Gongoni

Mbona ni ardhi tu? Huku kwetu kuna mashamba ya chumvi kuanzia Gongoni mpaka Marereni. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilikuja kufanya uchunguzi wa wazi 2005, watu wakasema ya ardhi, ya maji ya visima kugeuka chumvi, ya kazi bila viatu wala glavu. Kijana anakwangua chumvi kutwa, miguu imepasuka, ujira wa kibarua. Biblia yenu ina neno kuhusu huyo?

Mkazi wa Barani

Inalo, tena kali. Yakobo 5:4, "ujira wa wakulima waliovuna mashamba yenu, ninyi mliouzuia kwa hila, unapiga kelele." Ujira wenyewe ndio unaopiga kelele, hata kabla ya mfanyakazi kufungua mdomo. Papa Leo wa 13 aliandika waraka mzima juu ya haki za wafanyakazi mwaka 1891, akasema mapatano ya mshahara hayatoshi kuwa haki kwa sababu tu mwenye njaa ameyakubali. Ungestahili uzi wako mwenyewe, ufungue nitakuja.

Ongeza na wavuvi wa Lamu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliyoketi hapahapa Malindi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, wavuvi wapatao 4,600, kwa madhara ya bandari mpya. Waliokwenda mahakamani ni wananchi wa kawaida wa Lamu. Sikumbuki kuona harambee ya kanisa ya kuwachangia nauli.

Mshika Hazina

Nimewaacha mkazunguka mpaka chumvi na samaki, sasa turudi kwenye mabati. Tuseme huyo bwana ameguswa kweli na Roho. Arudishe kwa nani? Wazee waliobomolewa wengine wamekufa. Watoto wao wametawanyika, mmoja yuko Mtwapa, mwingine hajulikani. Juu ya shamba kuna nyumba za kukodisha, na sehemu imeshauzwa. Hawezi kurudisha mihogo. Si afadhali alijengee kanisa, ambalo ni la wote, wajukuu wa hao waliodhulumiwa wasali humo? Hilo nalo ni la haki, ama?

Mkazi wa Barani

Hili ndilo swali bora katika uzi wote, na Musa alishalijibu. Hesabu 5:7 na 8. Mkosaji aungame, arudishe kitu chote, aongeze sehemu ya tano, ampe aliyemkosea. Kisha mstari wa 8 unauliza kama wewe: na kama mtu huyo hana jamaa wa karibu wa kupokea? Hapo tu ndipo fidia inakuwa ya Bwana na inapewa kuhani. Yaani kanisa limo kwenye foleni, ndiyo, lakini ni la mwisho. Mbele yake kuna mwenyewe, halafu mtoto, halafu ndugu, halafu binamu aliye Mtwapa. Sisi tumeruka foleni nzima tukasimama dirishani.

Na wazee wa imani wamelisema hili waziwazi. Agostino, Mwafrika wa kaskazini, askofu wa Hipo, alimwandikia ofisa wa serikali aitwaye Makedonio kwamba mtu akiweza kurudisha alichoiba asirudishe, toba yake ni ya kuigiza, na dhambi haiondolewi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 2412 inadai mali irudishwe kwa mwenyewe na inamtaja Zakayo kwa jina. Wenzetu wa uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda miaka ya 1930, wale wa wimbo wa Tukutendereza, waliokoka wakarudisha majembe, mbuzi, na hata kodi waliyomkwepa mkoloni. Bibi zetu waliyaona. Hakuna anayeweza kusema hii ni theolojia ya Ulaya isiyowezekana huku.

Kwa hiyo kwa yule bwana napendekeza, na wazee wakitaka nitayasema mbele yao. Akae na watu wanaokumbuka, waandike majina ya familia zote zilizokuwa pale. Baadhi wako katika ushirika huohuo, si kazi ya upelelezi. Sehemu ambayo haijauzwa irudi na ikatwe viwanja kwa majina yao, gharama za upimaji ziwe juu yake. Iliyouzwa ilipwe kwa bei ya leo, maana aliuza kwa bei ya mji, si bei ya mihogo. Kodi ya nyumba aliyokula, hapo ndipo ile sehemu ya tano inapoanza kuhesabiwa. Wakatoliki wana Tume ya Haki na Amani, makanisa mengine yana wanasheria waumini, waandike makubaliano yanayoshika mahakamani, yasiwe ya kupeana mikono. Akimaliza hayo yote na bado ana mabati ya kutoa, nitamshikia ngazi mwenyewe.

Kabla ya hapo, jina lile lifutwe kwenye viti. Rangi haigharimu kitu.

Karani Mstaafu

Majina yakikusanywa niiteni. Ramani ya zamani ya eneo lile naikumbuka vizuri, na najua nani alikuwa mpakani na nani. Wazee wawili wa kule bado wako hai, waanze na hao kabla ya jambo lolote.

Kijana wa Muyeye

Mimi naweza kuchapa orodha na kupiga picha za mashina ya mikorosho na makaburi yaliyobaki. Makaburi ni ushahidi.

Mama Kadzo

Mkazi wa Barani mwanangu, hiyo Hesabu 5 niandikie kwa herufi kubwa, macho yangu si ya jana. Ushirika wa nyumbani uko kwangu Alhamisi saa kumi. Nataka isomwe hapo, na wewe Mshika Hazina uje, chai iko, ile halali.

Mshika Hazina

Nitakuja mama. Ila suala la mabati tuliweke mwisho wa ajenda, tuanze na majina. Masika hayako mbali na sitaki kusikia mtu amepanda juu na bisibisi.